Mwenye Mkono Hajaulizwa

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua zimeanza. Mwalimu wa lugha ametuagiza tuandike shajara mpaka tufunge shule. Amesema hatazisoma, atapekua tu kuona kurasa hazikubaki tupu. Kwa hiyo hapa naweza kusema kweli bila kuogopa kalamu nyekundu.

Nyumbani tuko wawili, Mama na mimi. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Mama ni msusi. Saluni yake ina viti vitatu, kioo kirefu cha ukuta mzima na birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovya ncha za rasta. Mgongo wa mkono wake wa kulia una kovu la moto la tangu utotoni, linang'aa na kukunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mwaka jana palitoka kidonda kwenye kovu hilo, upande wa kidole cha mwisho. Kinafunga, kinapasuka, kinafunga, kinapasuka. Sasa kimeota nyama. Wiki iliyopita hospitalini walikata kinyama kidogo wakapeleka maabara. Mama anasema ni chunjua iliyokosa adabu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Jaribio la hisabati. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda saluni nikitenganisha rasta na kufagia. Yupo msusi mwingine pale, rafiki wa Mama, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Leo mteja mmoja alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Mama, kichwa kimeshachanwa, ndipo akaiona bendeji. Akaunyanyua mkoba wake. "Mimi nitamngoja huyu mwingine," akasema.

"Huyu mwingine ana jina," Redio akamjibu, "na leo huyu mwingine amejaa mpaka jioni."

Hakuwa amejaa. Alikuwa amekaa anakula karanga. Mteja akatoka, Mama akacheka, nami nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa kwa sababu nilitaka kushika kitu kigumu.

Alhamisi, 14 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, maana nikiandika kwa hasira nitaruka mambo.

Majibu yametoka. Mama alikwenda hospitalini na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mjomba wangu. Mjomba ni seremala, na ana vumbi la mbao masikioni hata siku ya sherehe. Mimi nilichukuliwa kubeba mkoba. Daktari mpasuaji, mwembamba, miwani yake imeungwa kwa plasta, alitoka na majibu, akamtazama Mama, kisha akauliza juu ya kichwa chake: "Umekuja na nani mkubwa?"

Mama ana miaka arobaini na mbili. Sijui alitaka mkubwa kuliko huyo wa nini.

Mjomba akaitwa ndani. Mimi nikaingia kama mkoba unavyoingia, na hakuna aliyenitoa.

Daktari alisema ni saratani ya ngozi. Makovu ya moto yaliyokaa miaka mingi mara nyingine hugeuka hivyo. Haijafika kwenye tezi za kwapani, ila isingojewe. Mjomba alipobaki ametumbua macho, daktari akachukua glavu, akaipuliza kama puto, akaifunga fundo na kuichora kwa kalamu.

Njia ya kwanza: kukata kidonda pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayokizunguka, kisha kuziba kwa ngozi nyembamba ya paja. Ni nyepesi, lakini chini ya kidonda pana kano, zile kamba zinazonyoosha vidole, na ngozi nyembamba haishiki vizuri juu ya kano tupu.

Njia ya pili: kukata vilevile, lakini kuziba kwa ngozi nene ya tumboni karibu na kinena. Ngozi hiyo haiondolewi mara moja. Mkono unashonwa kwenye tumbo na kukaa hapo wiki tatu, ukinyonya damu ya huko, mpaka ngozi izoee makao mapya. Ndipo vinatenganishwa. Vidole vyote vitano vinabaki, lakini kama mzizi umeshapenya katikati ya mifupa, unaweza kuachwa humo bila kujulikana.

Njia ya tatu: kuondoa kidole cha mwisho na cha pete pamoja na mifupa yao ya kiganjani, na kuziba jeraha kwa ngozi ya vidole hivyohivyo.

Njia ya nne aliionyesha kwa kuchora mstari kwenye glavu, pale penye kifundo cha mkono.

Akasema pia kwamba ziko hospitali ambako hukata tabaka moja, wakaliangalia kwenye hadubini palepale, wakakata jingine, mpaka waone pasafi. Kwetu hakuna. Kwetu kipande kinakwenda maabara na majibu yanakuja kwa miguu.

"Kata hapa," Mjomba akasema, kidole kwenye ule mstari wa nne. "Ubao ulioingia mchwa haupigwi randa, daktari."

"Na mwenyewe atasemaje?"

"Mwenyewe tutamwambia ni uvimbe wa kovu. Na siku ya siku ataamka akute imekwisha. Mimi ndiye nitakayetia sahihi."

Nilimtazama daktari. Nilikuwa na uhakika atakataa. Akajikuna chini ya miwani, akasema, "Haya, ni ninyi familia. Fikirini kwanza."

Nje, Mama alitupokea kwa kicheko. "Enhe! Mmekaa humo kama mnaposa."

"Uvimbe wa kovu tu, dada. Unaondolewa."

"Si nilisema? Chunjua!"

Alifurahi mpaka akaninunulia kalamu mpya njiani. Ndiyo hii ninayoandikia. Mjomba alinivuta pembeni kabla hatujaagana: "Neno lile likitoka kinywani mwako, utakuwa umemuua mama yako kwa ulimi. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nakasirika kwamba nilisema.

Jumamosi, 16 Machi

Mjomba amemwambia Redio ili wasaidiane kumsukuma Mama akubali kulazwa. Kwa hiyo sasa saluni nzima inajua isipokuwa mwenye saluni. Redio alikwenda stoo kutafuta nywele za rangi ya kahawia, akakaa huko muda mrefu, akarudi na nyeusi.

Jumanne, 19 Machi

Hospitali imetoa nafasi ya tarehe 26. Mama amekataa.

"Mwisho wa mwezi nina harusi mbili," alimwambia Mjomba. "Maharusi, wasimamizi, mashangazi, vichwa kumi na tisa. Nimwachie nani? Huyu Redio atawasuka wote msuko mmoja watoke kama kwaya."

"Dada, nakusihi."

"Unanisihi kwa chunjua? Kaka, una nini wewe siku hizi? Wewe uliyetembea na msumari mguuni siku nne?"

Nilimwona Mjomba amenaswa kwenye mtego alioutega kwa mkono wake. Hawezi kumharakisha bila kumwambia sababu, na sababu ameifungia kabatini. Ingekuwa si Mama, ningecheka.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa la darasa letu linavuja juu ya dawati langu tu.

Alhamisi, 28 Machi

Maharusi wamependeza. Hospitali imempa Mama nafasi nyingine, tarehe 9 Aprili, na tayari anasema ataona. Kidonda kimeanza kutoa harufu. Anakipaka losheni ya waridi juu ya bendeji, na sasa nimeanza kuchukia waridi.

Mjomba huja kila jioni na kisingizio. Leo alirekebisha mlango ambao haukuwa na ubovu.

Jumatano, 3 Aprili

Nilimngoja mwalimu wa baiolojia baada ya kipindi. Nikamuuliza, kama mtu ana saratani ya ngozi juu ya kano, njia ipi ya upasuaji ni bora. Nilimweleza zote nne. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Huyo mtu anafanya kazi gani?"

"Ni msusi."

"Yeye anasemaje?"

Nikasema hajaulizwa. Mwalimu hakunipa pole wala hotuba. Alisema tu, "Basi swali lako bado halijakamilika. Mimi siwezi kulijibu." Akachukua chaki zake akaenda darasa lingine. Nilimkasirikia mpaka nilipofika nyumbani, kisha nikahamia kwa wanaostahili.

Jumapili, 7 Aprili

Saluni hufungwa Jumapili, lakini Mama alisema anakwenda kupanga rasta. Mchana nikamfuata na mwavuli, kwa sababu aliusahau.

Nilimkuta amekaa mbele ya kioo kirefu. Bendeji iko mezani. Ameshika ncha moja ya uzi mweusi wa kusukia kwa meno na nyingine kwa mkono wa kushoto, na anakaza. Alikuwa ameuzungusha uzi kwenye ile nyama, mara nyingi, imara, kwa ufundi wake wote, kama anavyofunga nywele za mtoto mwenye fujo. Damu ilikuwa imefika kwenye kiwiko.

"Usiogope," akasema huku uzi umo menoni. "Chunjua hufungwa uzi, ikikosa damu inadondoka yenyewe. Bibi yako alikuwa na moja shingoni, ilidondoka hivihivi. Hata hospitali haina haja."

Nilisema, "Mama, acha."

"Shika hapa unisaidie."

"Mama, si chunjua. Ni saratani. Daktari alisema siku ile. Mjomba anajua, mimi najua. Usikaze tena, tafadhali, acha."

Uzi ukatoka menoni. Mvua ilikuwa kubwa, na nilidhani labda hakunisikia, nikaanza kurudia. Akainua mkono ule mzima. Alikuwa amesikia.

Alitafuta mkasi, akakata uzi mwenyewe taratibu, akafuta kiwiko, akafunga bendeji safi. Hakuniomba nimsaidie fundo. Kisha akaniuliza:

"Nani mwingine anajua?"

"Redio."

"Redio anajua na hajatangaza?" Akatazama kioo. "Basi kweli ni jambo kubwa."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio. Nilitegemea anikumbatie. Hakunikumbatia. Alisema, "Kwa hiyo wiki zote hizi mlikuwa mnanitazama nikicheka." Alisema "mlikuwa", nami nikiwemo. Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja.

Nimeona haya kuliko siku yoyote maishani mwangu. Lakini pia nimekasirika, na sioni kwa nini niache kimoja ili nipate nafasi ya kingine.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikwenda shule. Mama alisema, "Ulikuwepo walipozungumza, utakuwepo nikizungumza mimi."

Karakana ya Mjomba ina mlango wa bati na harufu ya gundi. Alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Alipotuona wawili, akajua. Akanigeukia mimi kwanza.

"Kinywa kama duka la kona! Hakifungwi hata usiku!"

"Mwache mtoto," Mama akasema. "Sema na mimi. Ulipanga niamke nikute sina mkono?"

"Nilipanga uamke. Hayo mengine sikuyatazama."

"Mkono huu ulipimwa kwa futi yako, Kaka? Unajua unaninyooshea nini, unanikunjia nini?"

Mjomba akaweka randa chini. Alisema jambo ambalo sikulijua. Babu yangu, baba yao, aliambiwa jina la ugonjwa wake asubuhi moja, mbele ya watu wengi wodini. Akageukia ukuta. Hakula tena, hakusema tena, na daktari alikuwa amemwambia ana mwaka mzima. "Hakumaliza mwezi," Mjomba akasema. "Wewe ulikuwa mdogo, ulipelekwa kwa majirani. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji na kurudi nao. Neno lilimuua kabla ya ugonjwa."

Mama alikaa juu ya rundo la mbao.

"Mimi si Baba," akasema. "Baba hakuwa na vichwa vya watu vinavyomsubiri. Kesho ndiyo nafasi yangu ya hospitali. Twende wote, lakini wewe hutasema kitu."

Sijamsamehe Mjomba. Lakini nimeacha kumwazia kama mtu mwovu, na inanikera, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi jana.

Jumanne, 9 Aprili

Daktari alipofungua mlango na kumtazama Mjomba, Mama alishapita kati yao na kukaa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Mimi ndiye mkubwa niliyekuja naye," akasema.

Nataka kuwa wa haki kwa daktari. Uso wake ulishuka. Akasema, "Nilikosea, mama. Nilipaswa kukuambia wewe siku ile ile." Hakujitetea. Mjomba hakujitetea pia, ila yeye alikuwa amekatazwa kusema.

Daktari akasema wiki zilizopita zimekuwa na gharama yake. Nyama imeongezeka na upande wa kidole cha mwisho umeanza kuwa mzito kunyooka. Hiyo ni dalili kwamba imegusa kano. Akapuliza glavu nyingine. Akasema upasuaji utasogezwa hadi tarehe 17 ili mgonjwa aamue kwanza, akaeleza upya, safari hii kwa mwenye mkono. Na Mama akauliza maswali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyafikiria.

"Hiyo ya ngozi ya paja, mkono utaingia kwenye maji ya moto?"

"Itachanika mara kwa mara."

"Hiyo ya kushonwa tumboni, baadaye vidole vitakuwa vyepesi?"

"Vitabaki vitano. Vyepesi, siwezi kuahidi. Wiki tatu bila kunyooshwa ni nyingi, na ngozi ya tumbo ni nene. Na pale katikati ya mifupa, nitakuwa nabahatisha."

"Na hiyo ya kuondoa viwili?"

"Nafasi ya ugonjwa kurudi ni ndogo zaidi. Kiganja kitakuwa chembamba, nguvu ya kushika itapungua. Vitatu vilivyobaki utaanza kuvizoeza mapema."

Mama akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kusuka hewani. Akasuka mstari mzima bila nywele, macho amefumba. Kisha akarudia kwa ule wa kulia wenye bendeji, polepole.

"Gumba, shahada na cha kati," akasema. "Hawa ndio wanaosuka. Hawa wawili wa nyuma ni wapambe. Ondoa hao wawili."

"Mama!" nikasema. "Iko njia ya kubaki navyo vyote!"

Akanitazama. "Nimeisikia, mwanangu. Nimezisikia zote."

Jumatano, 10 Aprili

Nimemkasirikia Mama. Naandika wazi. Tangu Machi nimelala nikiiwaza ile njia ya pili, mkono tumboni wiki tatu, nimpe maji, nimfunge vifungo, kisha mkono utoke mzima. Nilikuwa nimeshapanga hata nani atanifulia sare. Nilitaka aulizwe kwa sababu nilidhani akiulizwa atajibu ninavyotaka.

Nilimwambia hivyo alipokuwa anakunja nguo. Akasema, "Basi wewe na mjomba wako ni ndugu kweli. Yeye alitaka wote uende, wewe ulitaka wote ubaki." Kisha akanirushia soksi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua, na baridi. Redio ameomba msamaha kwa Mama, kwa dakika arobaini mfululizo. Amerudi hewani.

Jumatano, 17 Aprili

Amefanyiwa upasuaji leo. Alitia sahihi mwenyewe, kwa mkono utakaokatwa, herufi zimekaa vizuri. Hakutaka kuingia na mtu hata mlangoni. Ametoka salama. Amelala. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo wamefungua bendeji. Nilijilazimisha kutazama. Ni mkono. Ni mwembamba, umevimba, una nyuzi nyeusi pembeni, lakini ni mkono, na ni wa Mama. Akaninong'oneza, "Nesi huyu ana mkono mwepesi kuliko Redio." Nesi akasema hajui Redio ni nani lakini anashukuru.

Jumamosi, 27 Aprili

Nyumbani. Amejaribu kushika kitana. Kikaanguka. Akakiokota kwa mkono uleule, kikaanguka. Nikainuka kumsaidia, akasema, "Kaa." Nikakaa. Kikaanguka tena. Amelia kidogo, si sana, kisha akauliza chakula kimeiva.

Daktari alisema vile vipande alivyovitoa vimekwenda maabara, waone kama kingo ni safi. Ikiwa ugonjwa umefika ukingoni, watarudi kukata, na safari hii ni kwenye mstari wa kifundo. Kila mtu nyumbani anajua hilo sasa. Hakuna anayenong'ona. Sikujua kwamba kujua wote pamoja kungekuwa kuzito hivi, lakini ni uzito ulio na vishikio.

Jumanne, 30 Aprili

Mitihani imeanza. Mvua zinapungua.

Ijumaa, 3 Mei

Nilimaliza mtihani wa jiografia nikakimbia hospitalini na sare. Mama alikuwa chumba cha kusafishia vidonda, nesi akimbadilishia bendeji. Mjomba alikuwa kwenye benchi la nje. Nikakaa kando yake.

Daktari akaja na majibu. Sisi wawili tukasimama. Alikuwa mwingine, kijana, si yule mwenye miwani. Akatutazama, akamchagua Mjomba, na kusema kwa sauti ya chini: "Mzee, tuzungumze kidogo pembeni?"

Sentensi nilikuwa nayo tayari, yenye adabu na yenye makali. Mjomba akapiga hatua mbili kumfuata. Kisha akasimama.

"Hapana, daktari," akasema. "Mimi nimesindikiza tu. Mgonjwa wako ni yule mle ndani. Mwambie yeye. Akipenda atatuambia."

Akarudi kukaa. Nikampa mkoba wangu wa shule aushike. Daktari akaingia. Mlango ukafungwa.

"Unasikia chochote?" Mjomba akauliza baada ya muda.

"Sisikii."

"Vizuri," akasema, lakini alikuwa ameinamisha sikio.

Mama alitoka na mkono kifuani, bendeji nyeupe. Alitutazama kwa zamu, bila haraka, kama mtu anayejua habari ni yake na anaitoa anapotaka.

"Kingo ni safi," akasema. "Pande zote, na chini. Nitakuwa narudi kila miezi mitatu wanitazame."

Mjomba akajifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili, mabega yakaanza kumcheza, mbele ya wagonjwa, mbele ya wauguzi, vumbi la mbao likidondoka kwenye benchi.

Mama akaketi karibu yake.

"Sasa unalia nini, Kaka?" akasema. "Vidole vilikuwa vyangu."